Kompyuta ya gemu ya kujiundia: anzia kwenye kioo, rudi hadi ukutani

Mpwa wangu alikuja nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani alikuwa ameorodhesha, kwa mwandiko safi wa mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), vifaa vya kompyuta ya gemu aliyotaka kujiundia: prosesa ya Core i7, RAM (kumbukumbu ya muda ya prosesa) ya GB 32 yenye taa, kesi ya vioo pande mbili, feni sita. Kadi ya grafiksi alikuwa ameipitia haraka, "ya kawaida tu, nitabadilisha baadaye". Mstari wa mwisho ulisema: "Pawasaplai: yoyote."

Nikamuuliza ana shilingi ngapi. Milioni 2 na laki 3, monita ikiwemo. Monita gani? Akacheka. "Anko, hiyo si tutaangalia mwisho?"

Hapana, hiyo ndiyo ya kwanza. Watu wengi wanapotea kwenye kuchagua vifaa kwa sababu kila kifaa kina mashabiki wake, na kila muuza duka anasifia kilichopo kwenye shelfu lake. Ukimsikiliza kila mmoja utatoka na vitu kumi vizuri visivyojuana. Mimi ninafuata njia moja: ninaanzia kwenye picha ninayotaka kuiona, kisha ninarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye soketi ya ukutani. Kila kifaa kinamjibu aliyeko mbele yake. Kioo kinaamua kadi, kadi inaamua prosesa, prosesa inaamua ubao unaowaunganisha, na wote kwa pamoja wanaamua pawasaplai, kile kisanduku kinachowagawia umeme.

Tuanze na kioo. Monita ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 1440p ina kama milioni 3 na laki 7. Ya 4K ina milioni 8 na laki 3, mara nne ya ile ya kwanza. Nukta zote hizo lazima zichorwe upya kila fremu, yaani kila picha moja. Monita ya hezi 60 inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kompyuta ina milisekunde 16 na ushee kumaliza kuchora kila moja. Ya hezi 144 inaipa milisekunde 7 tu. Kwa hiyo mtu anayenunua monita ya 4K halafu akabaki na hela ya kadi ndogo ameagiza pilau ya watu mia na sufuria moja. Kwa mfuko wa mpwa wangu jibu lilikuwa wazi: 1080p, hezi 144 au zaidi kidogo, inchi 24. Siyo ya kujivunia mtandaoni, lakini gemu za mpira na za kurushiana risasi zinakwenda laini kwenye kioo hicho kuliko kwenye 4K inayokwama.

Sasa kadi na prosesa, ambako ndiko ubishi uliko. Dodoma kila mtaa kuna nyumba inajengwa, kwa hiyo mfano ni rahisi. Kadi ya grafiksi ni fundi anayepanga tofali. Prosesa ni saidia fundi: anakoroga zege, anabeba, anamwambia fundi tofali inayofuata iende wapi. Mpira umepigwa kwa nguvu gani, mchezaji yupo upande upi, adui ameona nini, hayo yote ni kazi ya prosesa. Kuzichora nyasi, jezi na kivuli chake ni kazi ya kadi. Saidia fundi mmoja hodari hawezi kuinua ukuta kama fundi mwenyewe ni mzembe; zege itamgandia kwenye ndoo. Hilo ndilo lililokuwa kosa la karatasi ile: i7 pembeni ya kadi ya kawaida tu.

Kinyume chake pia kipo. Ukuta mdogo fundi anaumaliza haraka, anaanza kupiga kelele aletewe zege. Ndiyo maana mtu anayecheza 1080p akitaka fremu 200 kwa sekunde anahitaji prosesa nzuri kuliko anayecheza 4K kwa fremu 60. Ukitaka kujua nani anamchelewesha mwenzake, fungua gemu ukiwa umewasha programu ya kuonyesha matumizi ya vifaa. Kadi ikiwa asilimia 97 au zaidi, fundi yuko kazini na mambo ni sawa. Ikiwa 60 na gemu bado linasuasua wakati hujafunga idadi ya fremu mwenyewe, tatizo liko nyuma yake.

Halafu kuna kumbukumbu ya kadi. Hiyo ni jukwaa alilosimamia fundi, mahali tofali zinaporundikwa karibu na mkono wake. Likijaa, kila tofali inafuatwa chini, na wewe unaona gemu linashtuka shtuka ingawa wastani wa fremu ni mzuri. GB 8 leo zinatosha kwa 1080p kwenye gemu nyingi, ila gemu kubwa mpya ukizipandisha picha hadi juu kabisa zinaanza kulijaza jukwaa. Ndiyo maana RTX 3060 ya GB 12, kadi ya mwaka 2021, bado ina wapenzi, ingawa RTX 4060 ya 2023 yenye GB 8 inaipita kwa kasi na inakula wati 115 badala ya 170. RX 6600 ya AMD, GB 8 na wati 132, ndiyo ninayomshauri mtu mwenye hela ya kuhesabu akiipata kwa bei nzuri. Matoleo mapya zaidi yapo, yakiwemo ya GB 16, na ukiyamudu sitakuzuia. Katika mfuko wa kati, thuluthi moja ya hela yote, na hata zaidi, iende hapa.

Tahadhari moja kuhusu kadi za mitumba. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiksi kuchimba sarafu za kidijitali, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Nyingine ni nzima kabisa. Lakini ukiuziwa RX 580, uliza kama ni ile yenye viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 2304 au ile ya 2048, kwa maana ya pili kwa kweli ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Zipo pia GTX 1050 Ti feki: chipu ya kale iliyoandikwa upya ndani ijitambulishe kwa jina jipya. Programu ya bure ya GPU-Z inazifichua kwa dakika moja. Muuzaji asiyekubali uiendeshe mbele yake amekwisha kukujibu.

Rudi kwa saidia fundi. Kwa kadi za daraja hilo, prosesa ya viini sita inatosha: Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel. Hiyo herufi F iangalie. Inamaanisha prosesa haina grafiksi ya ndani, na Ryzen 5 5600 nayo haina. Kadi ikichelewa kutoka Kariakoo, kompyuta nzima itakuwa mezani imewaka taa na kioo cheusi. Na hata kadi ikiwepo, waya wa HDMI uchomekwe kwenye kadi yenyewe, siyo kwenye tundu la ubao lililoko juu yake. Nimeshawahi kuitwa Area D usiku kwa sababu ya hilo tundu. Nilihamisha waya, nikanywa chai, nikarudi nyumbani.

Prosesa inachagua soketi, yaani kiti chake kwenye ubao, na soketi inachagua ubao mama, ambao mafundi wote mjini wanauita mazabodi. Hapa unakutana na swali la kizazi. Soketi ya AM4 ya AMD ilikuja 2016 na imefika mwisho wa safari. AM5 ya 2022 bado ina miaka mbele, na AMD imesema itaendelea kuihudumia hadi 2027 na baada ya hapo. LGA1700 ya Intel inabeba kizazi cha 12, 13 na 14, basi. Kwa akili ya kawaida ungesema nunua AM5 uwe na pa kupandia kesho. Ila AM5 inakubali RAM ya kizazi kipya, DDR5, peke yake, siyo DDR4 ya AM4, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepaa, kwa kuwa viwanda vinazielekeza chipu kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. DDR4 nayo imepanda, lakini ya mitumba inapatikana. Kwa milioni 2 na laki 3 nilimshauri mpwa wangu achukue AM4 na ubao wa B550, tofauti iende kwenye kadi. Angekuwa na milioni 4 ningemwambia kinyume. Ukiletewa ubao wa B450 kwa bei chee, usikatae, bali hakikisha bayosi yake, programu ya ndani inayouwasha, imesasishwa kabla hujaweka Ryzen ya mfululizo wa 5000. Bila hivyo haitawaka na utamlaumu asiyehusika.

Kuhusu RAM, GB 16 kwa vipande viwili vya 8. Kipande kimoja cha 16 kina ujazo uleule lakini ni barabara ya njia moja, na prosesa inasubiri foleni. Vichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa, kisha uingie bayosi uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kasi yake iliyoandikwa. Usipoiwasha, RAM uliyoinunua kama 3200 inaweza kukimbia kwa 2133 au 2400 miaka yote na hutajua. Taa hazina kasi. Za kutoka kwenye mashine za ofisini zinafaa ila mara nyingi ni za 2400 au 2666, na za laptopu ni fupi, hazitaingia.

Diski haina mengi. SSD ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, TB 1 ukiweza, kwa kuwa gemu moja kubwa leo linapita GB 100 na ukilifuta utalipia bando tena kulirudisha. Toleo la kasi ya megabaiti 3,500 kwa sekunde na la 7,000 hutayatofautisha ukiwa unacheza.

Nifungue mabano kwa wanaouliza kuhusu mashine za ofisini. Mji huu umejaa ofisi, na mafundi wanazo OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre za mitumba zenye i5 nzuri kwa bei ambayo vifaa vipya haviwezi kuigusa. Kwa mtu anayeanza, chukua yenye kesi ndefu, ongeza RAM, weka kadi ya GTX 1650 ya wati 75 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, ucheze. Ila haitakupeleka mbali. Pawasaplai za mashine hizo nyingi zina plagi za kiwandani kwao tu, wati 240 hivi, bila waya wa kulisha kadi kubwa, na zile kesi nyembamba zinakubali kadi fupi pekee. Ukishaanza kubadilisha pawasaplai, halafu ubao kwa sababu ya plagi, halafu kesi kwa sababu ya ubao, utakuwa umenunua kompyuta mbili.

Sasa ile "yoyote".

Kabatini kwangu kuna pawasaplai mbili. Nilimpa mpwa wangu ya kwanza aishike. "Nyepesi," akasema. Nikampa ya pili, mkono ukashuka. Uzito peke yake haukwambii kila kitu, kwa hiyo nikamwambia asome karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ile nyepesi imeandikwa 600W kwa herufi kubwa nyekundu. Lakini kadi na prosesa zinakula kwenye laini ya volti 12, kwa hiyo unatafuta pale palipoandikwa +12V. Palikuwa na 18A. Tukapiga hesabu, volti mara ampea: 12 mara 18 ni wati 216. Wati 600 za jalada, wati 216 za kazi. Ile nzito ya 550W inaonyesha 45A, yaani 540. Tukajumlisha mahitaji yake: kadi 132, prosesa 65 na zaidi kidogo ikibanwa, ubao, diski na feni. Jumla haifiki 300 kwa kawaida, ila kadi za siku hizi huruka ghafla juu ya wastani wake kwa sehemu ya sekunde, na hapo ndipo pawasaplai dhaifu huzima mashine katikati ya mechi. 550W ya kweli inatosha na kubaki.

Nembo ya 80 Plus Bronze inakwambia kwamba pawasaplai ikibeba nusu ya mzigo wake, angalau asilimia 85 ya umeme unaotoka ukutani unavifikia vifaa, na unaobaki unakuwa joto. Ni kipimo cha ubadhirifu, siyo cha usalama. Hata hivyo mtengenezaji aliyelipia kipimo hicho mara nyingi hakufanya ujanja kwenye mengine. Kinga dhidi ya volti kuzidi na shoti zitafute zimeandikwa kwenye boksi. Na kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka chochote.

Ile nyepesi niliinunua mwenyewe, miaka ya nyuma, kwenye duka ambalo silitaji. Ilidumu miezi mitano. Jioni moja umeme ulikatika, uliporudi nikasikia mlio kama kizibo cha soda, halafu harufu. Haikufa peke yake, iliondoka na ubao na diski iliyokuwa na picha za harusi ya mdogo wangu. Nimeitunza kwa ajili ya wapwa.

Nyuma ya pawasaplai kuna ukuta. Umeme wetu ni volti 230 kwenye maandishi, na hatari kubwa siyo kukatika, ni kurudi. Umeme ukikatika, zima swichi ya soketi, subiri utulie dakika tatu nne ndipo uwashe. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata volti ikishuka au ikipanda kisha kikasubiri, kinafaa hata kwa kompyuta. UPS, ile yenye betri ya akiba, ni bora zaidi, ila soma wati zake na siyo VA peke yake: ya VA 1000 mara nyingi hubeba wati 500 au 600, na hiyo ni kwa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima, siyo za kumalizia mechi. Angalia pia waya wa ardhi. Ukigusa chuma cha kesi ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole, nyumba yako haina ardhi ya maana. Udongo mkavu hupitisha umeme vibaya, na kwetu kuanzia Mei hadi Novemba udongo ni mkavu kweli, kwa hiyo mwite fundi umeme apime badala ya kuamini kwamba ile fimbo iliyofukiwa miaka kumi iliyopita bado inafanya kazi. Ukavu huohuo unajaza mwili umeme tuli. Siku ya kuunda, usivae sweta, na shika chuma kitupu cha kesi kila mara kabla ya kugusa RAM au kadi.

Kisha vumbi. Mtu wa Dar anapambana na unyevu na chumvi ya bahari. Sisi tunapambana na vumbi jekundu la upepo wa Julai hadi Oktoba, linalopita hata dirisha lililofungwa. Kesi ya vioo mbele inapendeza ila haivuti hewa. Chukua yenye wavu mbele na chujio linalochomoka. Feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, mbili mbele na moja nyuma, ili ndani hewa iwe inasukuma kwenda nje na vumbi lisinyonywe kwenye kila upenyo. Mashine isikae sakafuni. Kusafisha, peleka barazani, tumia blowa, na zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.

Vifaa alivipata kwa mafungu. Monita na kesi alinunua hapahapa mjini, kadi na ubao alivifuata Kariakoo mwenyewe kwa treni ya SGR, asubuhi kwenda na usiku kurudi, boksi la kadi amelipakata kama mtoto mchanga. Angeweza kutumiwa kwa basi, lakini alitaka kuiona ikiwaka kabla ya kulipa, na hapo nilimuunga mkono.

Kuna hesabu moja tu ambayo hatukuifanya kwenye karatasi. Mashine ya aina hii pamoja na monita inakula kama wati 300 wakati wa kucheza. Saa 4 kwa siku ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36, na kwa bei ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, kodi ikiwemo, ni karibu 13,000. Na kama nyumba yenu ipo kwenye daraja la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hizo 36 zinaweza kuwatoa humo, na bei ya kila taa na kila pasi ikapanda pamoja. Nilipomweleza dada yangu, nilimkuta ameshaijua kabla yangu. Siku hizi LUKU ya nyumba ile inanunuliwa kila Jumamosi na mpwa wangu.